Yai Linalosubiri Mvua

Njooni, wapwa zangu. Kaeni hapa chini ya mkorosho.

Mwezi wa kumi nilikuwa mbugani kule Masasi na mpwa wangu mmoja. Dimbwi limekauka kau. Udongo umepasuka kama chungu kilichosahauliwa jikoni. Akabandua donge, akachungulia chini yake. "Mjomba, dimbwi hili si limekufa? Kwa nini lisifukiwe?"

Swali zuri hilo! Nampenda mtoto anayeuliza. Nikamwambia, tega sikio. Humo topeni lipo yai la samaki, dogo kama punje ya ulezi. Linasema: "Sijafa. Nimelala."

"Litaamka lini?"

Mvua za Desemba zikijaza dimbwi, yai litaanguliwa. Wiki chache tu, samaki kakomaa, dume kavaa rangi kama kanga ya sikukuu. Watataga topeni, na vyura wataimba, na yangeyange watakuja kula. Kiangazi kikirudi samaki watakufa, lakini yai litabaki. "Sijafa. Nimelala."

"Na kwetu Newala, mbona kule juu ya uwanda hakuna mto?"

Umemwona mama akichuja tui? Newala ni kifumbu, mpwa wangu. Mchanga wake unakunywa mvua, maji yanazama, yanatokea chini ya miteremko, kama kule bonde la Kitangari. Bibi zenu waliyafuata huko na mitungi, wakapanda nayo kichwani alfajiri hadi jua kali. Nami nawaheshimu sana kwa hilo. Msitu ndio unaoshika kifumbu kisipasuke. Ukikatwa, mvua haizami. Inakimbia, inachimba makorongo, inafukia chemchemi kwa mchanga.

Simameni pale Shimo la Mungu, hapo hapo Newala, mtazame chini. Lile bonde ni la mto Ruvuma, na ng'ambo ni Msumbiji. Kiboko anayeoga kule anaoga pia mvua iliyonyesha juu ya paa lenu.

"Nani anazuia watu wasilime mpaka majini?"

Sheria ya Mazingira ya 2004 inasema shughuli za kudumu zikae mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Hesabuni kwa miguu yenu midogo, hatua zitapita mia. Nami dimbwi letu dogo nalipimia mita hizo hizo.

Mpwa wangu alinyamaza. Kisha akalirudisha lile donge mahali pake, akalibonyeza taratibu kwa kiganja, kama mtu anayemfunika mtoto shuka.