Mbwa Ajaye Aitwapo

Ninyi mnaosoma karatasi hii, fuateni maneno polepole kwa kidole. Leo hatuzungumzi habari za mahindi wala za pamba. Leo ni habari za mbwa.

Watu wengi hufuga mbwa, lakini ni wachache wawezao kumwita akaja. Mwenyewe hupaza sauti, "Simba! Simba!" Simba hana habari, anafukuza mbuzi wa jirani. Mara jirani ameokota jiwe, na ujirani umeharibika. Au siku ya chanjo imefika. Bwana Mifugo amekuja na sindano zake, watu wamekusanyika chini ya mwembe, na mbwa wako yuko porini, hakamatiki. Jambo hili si dogo. Dalili za kichaa cha mbwa zikishatokea kwa mtu, karibu kila mara hufa. Mbwa akichanjwa, watoto wa nyumbani wamekingwa pia. Na mtu akiumwa na mbwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile.

Je, mbwa hufunzwaje? Kwanza jueni kwamba mbwa hajui Kiswahili. "Njoo" kwake ni sauti tu, kama mlio wa debe. Yeye hukumbuka kilichofuata baada ya sauti. Mtaalamu mmoja wa Urusi, Ivan Pavlov, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1904, aliona kwamba mbwa wake walitokwa na udenda kabla ya kupewa chakula, kwa kupata tu ishara waliyozoea kuwa hutangulia chakula.

Basi chagua neno moja. Baba asiseme "njoo", mama "hapa", na mtoto akapiga mluzi. Chukua dagaa wachache, maana harufu yao mbwa huipenda. (Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe. Huvunjika ikawa na ncha kali.) Simama hatua 2 mbele yake kabla hajala. Mwite mara moja. Akija, mpe dagaa papo hapo na umsifu. Ukichelewa, naye amekwisha kaa anajikuna, atadhani amepewa kwa sababu ya kujikuna. Fanya hivyo mara 3 kwa siku, dakika chache tu.

Siku zikipita, ongeza hatua, 5, 10, 20. Kabla ya kumwachia uwanjani, mfunge kamba ndefu ya kama meta 10. Asipokuja, usirudie kuita mara kumi, maana atazoea kwamba mwito wa kwanza si kitu. Msogelee, uanze tena kwa karibu.

Liko jambo jingine, nami naliona bora kuliko kuita. Mnapotembea, mbwa mwenyewe hugeuka mara kwa mara kukutazama. Wengi hawaangalii. Kila ageukapo bila kuitwa, msifu, mpe kitu. Baadaye atakuwa akigeuka mara nyingi, na hatakwenda mbali nawe.

Sasa sikilizeni sana, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mbwa ameiba nyama akakimbia. Unamwita, anakuja, unampiga fimbo. Wewe umempiga kwa ajili ya nyama, lakini yeye anajua amepigwa kwa kuja. Kesho hatakuja. Tena usimwite kila mara kwa kumfunga tu. Mwite, mpe dagaa wake, kisha mwache aende zake.

Mtu atauliza, mbwa mzee hufunzika? Hufunzika, ila kwa subira zaidi.

Haya, fungueni madaftari. Andikeni maneno haya manne: mwito, kamba, udenda, chanjo. Kisha kila mtu aandike jina la mbwa wake, au la mbwa wa jirani, na neno moja atakalomwitia. Mwalimu wenu atayasahihisha.