Kuhamisha Samaki Kutoka Kidimbwi cha Zamani

Wakulima wengi wa Migori na Homa Bay wana vidimbwi vya samaki. Vingi vilichimbwa kuanzia mwaka 2009, Serikali ilipoanza mpango wa kuwasaidia wakulima kufuga samaki. Kila kidimbwi cha mpango huo kilikuwa na eneo la mita mraba 300, na kiliwekwa vifaranga 1,000. Miaka ikipita, kidimbwi hujaa tope na kingo zake hubomoka. Mkulima basi huchimba kipya, akataka kuhamisha ngege na kambare wake. Kazi hii ikifanywa kwa pupa, samaki waliolishwa kwa miezi sita wanaweza kufa asubuhi moja, na karo ya watoto ikapotea pamoja nao.

Sababu yake ni hii. Samaki hutoa sumu iitwayo amonia, hasa kwa njia ya mashavu yao. Katika kidimbwi cha zamani sumu hiyo haiwaui, kwa kuwa ndani ya tope na juu ya mawe kuna vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vijidudu hivyo huigeuza amonia ikawa chakula cha mimea midogo inayoyapa maji rangi ya kijani. Mimea hiyo nayo huwapa samaki hewa wakati wa mchana. Maji mapya yaliyo meupe yanapendeza kutazama, lakini hayana wafanyakazi hawa.

Watu wanaofuga samaki wa baharini katika matangi ya kioo wanalijua sana jambo hili. Wanapohamia tangi jipya hawatupi mawe ya tangi la zamani. Huyahamisha yakiwa bado na maji, maana vijidudu vyake vikikauka hufa. Mkulima wa kidimbwi afanye vivyo hivyo kwa maji yake ya kijani.

Fuata mashauri haya:

1. Kitengeneze kidimbwi kipya kwanza. Kama udongo ni chachu, nyunyiza chokaa ya shamba, kilo 30 mpaka 60 kwa mita mraba 300, kisha ngoja wiki moja kabla ya kujaza maji. Mwombe ofisa wa samaki wa kaunti akupimie udongo.

2. Jaza maji, kisha tia samadi kavu, kilo 15 hivi kwa wiki. Ongeza ndoo kadhaa za maji ya kijani kutoka kidimbwi cha zamani. Lakini kama samaki wako wana vidonda au wamekuwa wakifa, usichukue maji yale wala usihamishe samaki. Mwite ofisa kwanza.

3. Ngoja mpaka maji yawe ya kijani. Pengine itachukua wiki mbili. Tumbukiza mkono wako wima. Kiganja kikipotea machoni wakati maji yanapofika kwenye kiwiko, maji yako tayari. Kama bado unakiona kiganja, ngoja zaidi. Kikipotea kabla maji hayajafika kiwiko, acha kutia samadi.

4. Jaribu kwa samaki wachache. Weka samaki kumi ndani ya wavu uliofungwa katika kidimbwi kipya, uwaache usiku na mchana. Wakiwa wazima siku ya pili, wengine wanaweza kufuata.

5. Usiwalishe samaki siku moja kabla ya kuwahamisha. Samaki mwenye tumbo tupu huchafua maji kidogo tu njiani.

6. Fanya kazi alfajiri, kabla ya jua kuwa kali. Punguza maji mpaka magotini, vuta wavu polepole, wala usikanyage-kanyage tope. Wabebe samaki wachache wachache katika ndoo za maji safi, zikiwa zimefunikwa gunia bichi. Lowesha mikono kabla ya kumshika samaki, ili usimtoe utelezi unaolinda ngozi yake.

7. Usiwamwage mara moja. Tia maji ya kidimbwi kipya ndani ya ndoo kidogo kidogo kwa muda wa robo saa au zaidi, kisha inamisha ndoo waogelee wenyewe. Mabadiliko ya ghafula ya joto huwaua samaki.

Huu pia ndio wakati mzuri wa kuwachagua. Ngege huzaa sana, na kidimbwi kikijaa watoto, hakuna anayekua. Hamisha wawili au watatu tu kwa kila mita mraba, na waliofikia ukubwa wa kuliwa wauze. Usiwatupe waliobaki katika Mto Kuja wala kijito chochote.

Siku ya kwanza usiwape chakula. Baadaye wape kidogo, ukiongeza siku kwa siku. Kwa muda wa wiki mbili, nenda kidimbwini kila alfajiri. Ukiona samaki wanahema juu ya maji, hewa imepungua. Acha chakula na samadi, na ongeza maji mapya mara moja. Usikifukie kidimbwi cha zamani kabla ya wiki hizo kwisha. Bakiza maji ndani yake, kwa maana kidimbwi kipya kikikataa, hapo ndipo mahali pekee pa kuwarudisha samaki wako.