Waya wa Kusubirisha: Hitilafu za Kebo kati ya Kompyuta na Plota

Plota ni mashine inayochora kwa kuendesha kalamu juu ya karatasi, au kukata stika kwa kisu, na nyingi za zamani ambazo bado zinafanya kazi nzuri hupokea maagizo ya kompyuta herufi moja baada ya nyingine kupitia kebo inayofuata kanuni ya RS-232, iliyotolewa Marekani mwaka 1960. Data yenyewe huhitaji nyaya tatu tu, yaani wa kutuma, wa kupokea na wa ethi, ambao huzipa mashine zote mbili kiwango kimoja cha kupimia volti. Kebo ikiwa na hitilafu, namna plota inavyokosea ndiyo humwonyesha fundi mahali pa kutafuta.

Plota ikikaa kimya kabisa, huenda nyaya za kutuma na kupokea hazijapishanishwa, hivyo kila upande unatuma mahali ambapo mwenzake naye anatuma. Namba za pini hupotosha sana hapa: katika plota ya HP 7475A, yenye plagi ya pini 25, pini ya 2 hutuma na ya 3 hupokea, ilhali katika poti ya pini 9 ya kompyuta ya 2 hupokea na ya 3 hutuma, kwa hiyo kebo inayounganisha 2 kwa 2 na 3 kwa 3 ndiyo iliyopishana sawasawa. Anayetaka uhakika achomoe kebo na kupima kila mashine kwa multimita, kwani pini ya kutuma huonyesha volti hasi ikilinganishwa na ethi hata pasipo kazi, na ya kupokea huonyesha karibu sifuri.

Ikiwa plota inapokea herufi zisizoeleweka, huenda kasi ya pande mbili hailingani, na hilo hurekebishwa kwenye mipangilio.

Hitilafu inayosumbua zaidi ni ile ya mchoro unaoanza vizuri kisha kuharibika. Kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, ambapo kila herufi huchukua biti 10, kompyuta hutuma herufi 960 kwa sekunde, na bafa ya 7475A, yaani kumbukumbu inayohifadhi maagizo yanayongoja kalamu, hubeba herufi 1024 tu, kwa hiyo hujaa baada ya muda mfupi. Herufi zinazozidi hupotea: agizo la kusogeza kalamu PA1000,2000 likikosa sifuri moja ya namba ya kwanza, kalamu huruka hadi 100 badala ya 1000. Ndiyo maana mchoro mdogo hutoka safi kupitia kebo ileile inayoharibu mkubwa.

Kinachokosekana ni waya wa kusubirisha, ambao plota huutumia kuisimamisha kompyuta. Katika 7475A hutoka pini ya 20 na hupaswa kufika pini za 6 na 8 za poti ya kompyuta, nayo programu ielekezwe kuutii. Kushusha kasi huchelewesha tu tatizo. Inafaa kupima pini ya 20 wakati mchoro mkubwa unatumwa: volti zake huwa chanya bafa ikiwa na nafasi, na hugeuka hasi inapokaribia kujaa. Zikigeuka upande wa plota bila pini ya 8 kugeuka upande wa kompyuta, waya huo umekatika ndani ya kebo au haukuwahi kulehemiwa.