Hii Sera Ameipitisha Nani?

Kwenye korido za vyuo vikuu vyetu kuna sentensi moja inayofunga kila mjadala: "Hiyo ni sera ya chuo." Mwanafunzi akikataliwa kuahirisha mwaka, hiyo ni sera. Mhadhiri akinyimwa gari la kwenda Bagamoyo kukusanya data, hiyo ni sera. Mama lishe akiambiwa ahamishe meza zake nyuma ya bweni, sera tena. Mara nyingi anayeitamka sentensi hiyo hajawahi kuiona karatasi yenyewe, na anayeambiwa hathubutu kuiomba. Uvumi haukosi pa kuota.

Nimekaa kwenye vikao vya vyuo kwa miaka ya kutosha kuujua uvumi huo kwa sura. Hapa nimeokota machache yanayosemwa sana. Mifano mingi naitoa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kuwa ndicho kongwe kwetu Tanzania na mambo yake yameandikwa.

"Mkuu wa Chuo ndiye anayeamua, wengine wanagonga muhuri."

Si kweli, na kosa linaanzia kwenye jina. Mkuu wa Chuo ni yule mnayemwona siku ya mahafali, kavaa joho lenye nakshi, anatunuku shahada. Mlimani, tangu 2016 cheo hicho amepewa Jakaya Kikwete, rais mstaafu. Anayekiendesha chuo siku kwa siku ni Makamu Mkuu wa Chuo, na hata yeye hapitishi sera; anaipeleka. Mambo ya taaluma, yaani udahili, mitihani, mitaala na utafiti, hupita Seneti, wanakokaa marasi wa ndaki, maamidi na maprofesa. Mambo ya fedha, ajira na majengo hupita kwenye kamati zinazohusika. Mwisho wa yote ni Baraza la Chuo, ambalo Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2005 imelipa dhamana ya juu ya kukisimamia chuo.

Sasa niseme la upande wa pili. Baraza hukutana mara chache kwa mwaka, na wajumbe wake wengi wana kazi zao kwingine. Makabrasha yanawafikia yakiwa mazito kama tofali. Atakayesoma kurasa zote sitini za sera ya tehama ni mmoja au wawili. Waliobaki husoma ukurasa wa mapendekezo. Kwa hiyo ukinitaka nikuonyeshe mwenye nguvu, sitakupeleka kwa aliyetia saini. Nitakupeleka kwa afisa mipango aliyeandika rasimu ya kwanza. Nimewahi kuona kifungu kilichoandikwa haraka haraka kabla ya chakula cha mchana kikapanda ngazi zote hadi Baraza, hakikuguswa hata koma.

"Sera, kanuni, mwongozo, waraka: ni majina tu, kitu ni kilekile."

Si kweli. Sera inasema chuo kinataka nini na kwa nini. Kanuni inasema lazima na marufuku, na inataja adhabu. Mwongozo unaelekeza namna ya kufanya. Waraka ni barua ya ofisi kwa jambo la wakati huo. Juu ya vyote kuna hati idhini ya chuo, juu yake sheria ya Bunge, juu yake Katiba. Cha chini hakiwezi kukiuka cha juu.

Tofauti hii inaonekana ya wanasheria mpaka siku unapofukuzwa. Mwanafunzi aliyeadhibiwa kwa kuvunja "mwongozo" ana haki ya kuuliza: kosa hili limeandikwa kwenye kanuni gani, na nilisikilizwa na kamati ipi? Kenya jambo hilo limewekwa kwenye Katiba yenyewe ya 2010: ibara ya 47 inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa utaratibu wa haki, na ibara ya 10 inautaja ushirikishwaji wa wananchi kuwa miongoni mwa tunu za taifa. Chuo cha umma kinachobandika ada mpya ukutani bila kumwita mtu kikaoni, kule kinajua kinaweza kukutana na walalamikaji mahakamani.

"Sera huanza na rasimu."

Nusu kweli. Kwenye chati za ofisi ya mipango kuna vishale vizuri: hitaji linabainika, rasimu inaandikwa, wadau wanatoa maoni, mwanasheria wa chuo anapitia, menejimenti inaridhia, Baraza linapitisha. Kwenye maisha, kishale cha kwanza mara nyingi ni msiba au aibu.

Februari 1990, mwanafunzi mmoja wa kike Mlimani alijiua. Kabla ya hapo alikuwa ameandamwa na wanaume waliojificha nyuma ya "Mzee Punch". Hiyo ilikuwa mila ya mabango yasiyo na jina la mwandishi, iliyoanza kama kejeli kwa wakubwa na ikageuka fimbo ya kuwachapia wasichana. Bango lilikuwa linakuchora, linakutaja, linakutenga. Chuo kilikuwa na kanuni za nidhamu za kumshughulikia mwizi wa vitabu. Kwa unyanyasaji wa kijinsia hakikuwa na lugha, achilia mbali kamati.

Kilichofuata hakikutoka Seneti. Wanahabari wanawake wa TAMWA, chama kilichoanzishwa 1987, walilishika jambo lile hawakuliachia, na harakati zao na za wenzao ziliendelea hadi Bunge likatunga Sheria ya Makosa ya Kujamiiana mwaka 1998. Sera ya chuo chenyewe ya kupinga unyanyasaji wa kijinsia ilikuja 2006. Hesabu: miaka kumi na sita tangu kifo. Mwaka uliofuata, sheria mpya ya kuzuia na kupambana na rushwa ikaifanya rushwa ya ngono kuwa kosa la jinai kwa kifungu chake cha 25.

Na bado, Novemba 2018, Rais alipokwenda Mlimani kuzindua maktaba mpya, mhadhiri mmoja wa palepale aliandika mtandaoni kwamba rushwa ya ngono chuoni ingalipo. Sera ilikuwepo na kifungu cha jinai kilikuwepo. Wanaouliza "mbona hakuna sera?" wangeuliza pia iliyopo ina mlango upi wa kulalamikia, na nani anakaa nyuma ya mlango huo. Msichana wa mwaka wa pili hapeleki malalamiko kwa mkuu wa idara ambaye ni rafiki wa mlalamikiwa, hata uandike sera kwa wino wa dhahabu.

"Chuo kina uhuru wake, kinajitungia chenyewe."

Si kweli, na hakijawahi kuwa. Novemba 1974 Azimio la Musoma la TANU, chama tawala, liliamua kwamba anayemaliza kidato cha sita afanye kazi kwanza ndipo aende chuo kikuu, tena kwa kupendekezwa. Sera ya udahili ilibadilika kwa uamuzi wa chama. Seneti ikabaki kupanga namna ya kutekeleza. Haikuchukua miaka mingi kabla wasichana hawajaondolewa sharti hilo, maana idadi yao ilikuwa inaporomoka: walikuwa wanaolewa, wanaanza kulea, chuo kinabaki ndoto. Hakuna aliyekuwa amekaa chini kujiuliza sharti lilelile litamwangukiaje mvulana na litamwangukiaje msichana.

Siku hizi mkono wa nje una majina mengine. Kuna TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, yenye viwango vyake. Kuna sheria za ununuzi na za utumishi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na tangu hapo chuo kinachobandika ukutani majina na matokeo ya wanafunzi hakina budi kujiuliza mara mbili.

Uhuru unaobaki ni wa kufundisha, kutafiti na kusema. Huo wanataaluma wenyewe waliuandika Aprili 1990 kwenye Azimio la Dar es Salaam, wakaambatanisha na wajibu wao kwa jamii. Wengi wananukuu nusu ya kwanza.

"Wanafunzi hawana sauti."

Nusu kweli. Nafasi ipo kisheria: serikali ya wanafunzi ina wawakilishi kwenye Baraza na Seneti. Nafasi hiyo haikudondoka kutoka mbinguni. Julai 1971, Symonds Akivaga, Mkenya aliyeongoza umoja wa wanafunzi Mlimani, alimwandikia Makamu Mkuu wa Chuo barua ya wazi kupinga uendeshaji usiowashirikisha wanafunzi. Makamu alikuwa Pius Msekwa; Mkuu wa Chuo alikuwa Mwalimu Nyerere mwenyewe, akiwa pia Rais wa nchi. Polisi wa FFU, kikosi cha kutuliza ghasia, wakaingia chuoni, Akivaga akasafirishwa kurudishwa Kenya. Wenzake wakasusa. Mgogoro ule hadi leo unaitwa kwa jina lake, na swali lake lilikuwa hilihili: nani akae mezani?

Kukaa mezani nako kuna namna zake. Mwakilishi wa wanafunzi anashika wadhifa mwaka mmoja. Sera huchukua miwili au mitatu kupita. Anayeianza hayupo inapoisha. Kabrasha anapewa asubuhi ya kikao, wajumbe wenzake ni walimu watakaomsahihishia mitihani, na mwenyekiti humpa nafasi ya mwisho, chai ikiwa imeshaingia. Ningekuwa mshauri wa DARUSO, serikali ya wanafunzi Mlimani, ningeacha kudai viti zaidi. Ningedai makabrasha siku kumi na nne kabla.

"Kunakili sera ya chuo kingine ni jambo la kawaida."

Kweli, kwa bahati mbaya. Katika chuo kimoja nilichowahi kualikwa kutoa maoni, ukurasa wa tisa ulikuwa na jina la chuo kingine kabisa, cha ng'ambo, na cheo ambacho pale hakuna anayekishika. Nilipoonyesha, walicheka, nikacheka. Kuazima si dhambi. Wanaoazima vizuri huazima maswali, majibu wanatafuta nyumbani.

"Ikishapitishwa, kazi imekwisha."

Si kweli, na kwa maoni yangu huu ndio uongo unaotugharimu kuliko wote. Siku ya kuzindua sera kuna maji ya chupa, bango, picha ya pamoja. Miaka mitano baadaye, siku ya mapitio, hakuna hata maji ya bomba.

Sera hai inahitaji vitu vichache visivyo na mvuto. Inahitaji ofisi moja inayoitwa mwenye sera, siyo "menejimenti kwa ujumla", maana mbuzi wa wengi hufa kwa kiu. Inataka namba ya toleo na tarehe ya kupitishwa kwenye jalada, tarehe ya mapitio, na sehemu moja tu inapohifadhiwa nakala halali. Vyuo hubadilisha miundo: vitivo vikageuka ndaki, kurugenzi zikaunganishwa, vyeo vikapewa majina mapya. Sera za zamani zinabaki zikimtuma mlalamikaji kwa ofisi iliyofungwa. Nimesoma moja inayoagiza ripoti ipelekwe kwa faksi.

Hapa kuna uvumi mdogo wa pembeni, kwamba tarehe ya mapitio ikipita sera imekufa. Si kweli. Kwa kawaida inaendelea kubana mpaka ifutwe au nyingine ishike nafasi yake, labda iwe imejiwekea yenyewe siku ya kufa. Anayekuambia "hiyo imeshaisha muda" mwombe akuonyeshe kikao kilichoifuta.

"Sera iko wazi, kila mtu anaweza kuisoma."

Iko wazi kwa anayesoma Kiingereza cha kisheria. Mlinzi wa getini, mpishi, dereva, mhudumu wa bweni wote wanabanwa na sera za afya na usalama kazini, maadili, matumizi ya mali. Tuna taasisi nzima ya taaluma za Kiswahili pale Mlimani, imetafsiri na kusanifu istilahi kwa miongo. Lakini sera inayomhusu mfagiaji wa taasisi hiyo, nenda kaangalie imeandikwa kwa lugha gani. Nimeshuhudia semina ya kuelimisha wafanyakazi kuhusu sera ya likizo ikiendeshwa kwa slaidi za Kiingereza, mtoa mada akitafsiri kwa mdomo, na kila kundi likatoka na likizo yake.

"Ukitaka kuijua sera, uliza watu wa masijala."

Kweli tupu. Mwaka juzi nilikuwa natafuta sera ya safari katika chuo fulani. Tovuti ilinipa moja. Ofisi ya utumishi ikanipa nyingine, yenye jalada lilelile na viwango tofauti. Mkurugenzi aliniahidi kunitumia ya tatu. Nikateremka masijala, kwa mama mmoja aliyebakiza miezi ya kustaafu. Nikamwamkia, nikaeleza shida yangu. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge, akaniuliza:

"Mwanangu, unataka ile iliyopitishwa au ile inayotumika?"