Bitana Imeganda Ndani ya Mota? Usinunue Silinda Mpya Bado

Roketi imeshuka salama, lakini bitana, mrija wa ndani unaokinga silinda na moto, imeng'ang'ania ndani ya silinda ya mota na Jumamosi unataka kurusha tena. Kabla hujatoa pesa, ikague silinda. Kama imevimba, au imebadilika rangi mahali moto ulipotoboa bitana, iache. Haifai kurushwa tena, na hata dola moja ya kuikwamua ni hasara.

Ikiwa nzima, anza na maji ya moto, sabuni ya vyombo na siki nyeupe kidogo. Loweka saa chache tu, kwa sababu siki ikikaa mno hula aluminiamu. Masizi yakilainika, mwagia nje ya silinda maji yanayochemka: aluminiamu hushika joto na kutanuka upesi, bitana ya fenoliki huchelewa. Sukuma hapo hapo, ukiwa na glavu.

Cha kusukumia ni mpini wa ufagio uliofungwa kisahani cha mbao kinachokaribia upana wa tundu, ili kikanyage ukingo wa bitana. Mti mwembamba hupenya katikati na kuichana, ukabaki na vipande vigumu zaidi kuvitoa. Kisahani hicho ni cha dola chache na kitakutumikia miaka.

Vya bei rahisi vinavyokuja kukugharimu ni vitatu. Dawa nyingi za kusafishia oveni zina kostiki, nayo hutafuna aluminiamu yenyewe. Bisibisi hukwaruza pale oringi inapokaa, na gesi ya moto hupita kwenye mkwaruzo huo. Katika mrusho unaofuata unaweza kupoteza silinda na roketi pamoja. Moto wa gesi ndio mbaya kuliko vyote: aloi ya 6061-T6, inayotumika sana kwenye silinda hizi, hupungua nguvu ikipashwa kupita nyuzi 200 hivi za Selsiasi, na kwa macho hutaona kitu.

Fundi wa mashine ya kukereza ataitoa bitana, ila hulipwa kwa saa. Kwa silinda ya milimita 75 au 98 anafaa. Kwa ya 29 au 38, ulizia kwanza bei ya mpya, na uulize kama silinda inauzwa peke yake, maana vizibo vyako huenda ni vizima. Silinda tupu si mzigo wa hatari. Usikubali kutozwa ada ya usafirishaji inayotozwa kwa fueli. Muda ukibana, ulizia kwenye klabu yako ya roketi, iwe ya chama cha NAR au cha Tripoli: wanachama huazimana.

Ukipakia mota nyingine, paka bitana grisi nyembamba kwa nje, na uisafishe silinda jioni ileile ya mrusho.