Umeme wa Jua Nyumbani: Anza na Kalamu na Karatasi

Giza liliporudi nyumbani kwetu tulikuwa mezani. Taa zilififia, zikapepesa mara mbili, zikazima. Mwanangu wa mwisho akanyanyuka kutafuta kibatari, ambacho nilikuwa nimekitupa juu ya kabati nikiamini sitakihitaji tena. Ilikuwa miezi minane tu tangu tununue sola, kwa fedha nilizokopa katika kikundi chetu cha akina mama, na marejesho manne yalikuwa bado.

Mpendwa msomaji, mimi ni muuguzi, na kibatari tuna ugomvi wa siku nyingi. Nimewafunga vidonda watoto walioungua nacho, na nimewapokea waliokunywa mafuta ya taa yaliyowekwa kwenye chupa ya soda. (Likitokea kwako, usimtapishe mtoto. Akitapika, mafuta huweza kuingia mapafuni, na hapo ndipo hatari ilipo. Mkimbize zahanati.) Kwa hiyo sikununua sola kwa anasa. Kosa langu ni kwamba niliingia dukani nikauliza, "Sola ya nyumba ni shilingi ngapi?" Nikapewa paneli ya wati 50, betri ya gari na inveta kubwa, nikalipa, nikashukuru. Ni sawa na mgonjwa anayeuliza bei ya dawa bila kusema anaumwa wapi. Na mimi ndiye ninayewaambia watu kila siku kwamba kipimo hutangulia dawa!

Fundi aliyekuja safari ya pili, kijana aliyesomea kazi hiyo, hakufungua hata mkoba wake. Aliomba karatasi. "Mama, hebu nieleze usiku wenu unavyokwenda," akasema.

Hesabu yenyewe haina ugumu. Kila chombo kina wati zake, zimeandikwa nyuma au chini yake. Zidisha kwa saa unazokitumia, utapata wati-saa. Taa yetu ya sebuleni ni ya wati 5 na huwaka saa 5, ya jikoni vilevile. Hizo ni wati-saa 50. Taa mbili za vyumbani, wati 5 kila moja kwa saa 2, ni 20. Redio ya wati 5 kwa saa 5 ni 25. Televisheni ndogo ya wati 20 kwa saa 3 ni 60. Simu tatu tulizikadiria 15 kila moja, yaani 45. Jumla ikawa wati-saa 200 kwa siku.

Fundi akatazama sare za shule zilizokuwa zimetundikwa ukutani. "Na pasi je, mama?"

Niliona aibu. Inveta iliandikwa wati 1500, nami nikadhani huo ndio umeme nilio nao, basi nikawa napiga pasi. Kumbe inveta ni kama mdomo wa debe. Upana wa mdomo hauongezi maji yaliyomo ndani. Pasi ya wati 1000 kwa nusu saa hula wati-saa 500, zaidi ya mara mbili ya matumizi ya nyumba nzima kwa siku. Ile betri tulikuwa tunaikausha kila Jumapili jioni. Isitoshe ilikuwa betri ya gari, ambayo kazi yake ni kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache ili injini iwake, kisha ijazwe tena. Ukiinywa taratibu mpaka chini, usiku baada ya usiku, hufa mapema.

Kwenye zile 200 fundi aliongeza kiasi cha theluthi moja kwa ajili ya umeme unaopotea njiani katika nyaya na betri, akaandika 260. Kisha paneli. Jua tunaliona saa 12, lakini la asubuhi na la jioni ni dhaifu. Hapa kwetu Mpwapwa ukilikusanya lote ni saa chache tu za jua kali la adhuhuri. Kwa kufikiria miezi ya mvua alitumia 4. Gawanya 260 kwa 4, unapata wati 65. Alituchagulia paneli ya wati 100, na ukilijua vumbi la huku utaelewa sababu. Ile ya wati 50 isingetosha hata bila pasi.

Betri ndiyo inayotaka moyo mgumu, maana ndipo fedha nyingi huenda. Tulipanga itubebe siku mbili za mawingu, wati-saa 400. Betri ya risasi, hata ile iliyotengenezwa kwa ajili ya sola, haifai kutumiwa zaidi ya nusu, kwa hiyo tulihitaji yenye 800. Gawanya kwa volti 12, ni kama Ah 67. Tulichukua ya Ah 100. Ya litiamu ingetosha ya Ah 50, kwa sababu inavumilia kutumiwa zaidi ya nusu, na huishi miaka mingi zaidi. Bei yake ilinishinda. Wewe ukiiweza, hakikisha kontrola inayosimamia chaji inakubali betri ya aina hiyo.

Kufunga kulichukua siku moja. Sisi tuko kusini ya ikweta, hivyo paneli ilielekezwa kaskazini, ikainamishwa kidogo ili mvua iioshe, na ikaachiwa nafasi juu ya bati, kwani ikipata joto sana hutoa umeme pungufu. Tulikata tawi la mwarobaini. Kivuli cha tawi moja kinaweza kupunguza umeme kuliko unavyodhani. Nyaya zilikuwa nene na fupi, fyuzi ikakaa karibu na betri, na betri ikaunganishwa kwenye kontrola kabla ya paneli.

Betri isikae chini ya kitanda, akina mama! Ya risasi inapochajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka ikikutana na moto. Yetu iko barazani ndani ya sanduku lenye matundu na kufuli. Ikipungua huongezwa maji safi ya betri tu, si tindikali. Tindikali ikimrukia mtoto jichoni, suuza kwa maji mengi safi kwa dakika 20 bila kukoma, ndipo mwondoke kwenda hospitali.

Usiseme kazi hii ni ya wanaume. Barefoot College, chuo kilichoanzishwa na Bunker Roy mwaka 1972 huko Tilonia, India, kimewafundisha ufundi wa sola wanawake wa vijijini kutoka nchi nyingi, Tanzania ikiwemo. Wengi wao walikuwa akina bibi wasiojua kusoma, na walijifunza kwa kutambua rangi za nyaya.

Jumapili iliyopita mama mmoja wa kwaya alinifuata baada ya ibada na karatasi yake. Amepata mkopo, na chini kabisa alikuwa ameandika "friji", apate kuuza barafu. Friji ya kawaida inaweza kula karibu yuniti nzima kwa siku, yaani wati-saa 1000. Tulikaa chini ya mti na kalamu. Friji ameihamishia karatasi ya pili, pamoja na hesabu ya barafu ngapi atauza, na taa za watoto zimebaki kwenye ya kwanza.