Fahamu: Kwa nini shimo la maji taka humuua fundi na anayemfuata

Habari huja kwa sura ileile: fundi ameshuka kwenye shimo la maji taka, hakutoka; mwenzake akamfuata, naye akabaki humo humo. NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama kazini, iliwahi kubaini kuwa zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa katika maeneo finyu ya aina hii walikuwa waokoaji.

Muuaji mkubwa ni haidrojeni salfaidi, gesi itokanayo na uchafu unaooza. Hunuka kama yai viza, lakini ikizidi huiua pua kwanza, kwa hiyo harufu kupotea si dalili kwamba hewa ni safi. Ni nzito kuliko hewa, hutuama chini. Tope nalo huificha, na likikorogwa huiachia ghafla.

Wengine huteremsha mshumaa kupima hewa. Mshumaa hauonyeshi sumu hiyo, na kukiwa na methani unaweza kulipua shimo. Kinachotakiwa ni kipimo cha gesi, kishushwe kwa kamba kabla ya mtu. Oksijeni ya kawaida ni karibu asilimia 21. Kanuni za Marekani huhesabu chini ya 19.5 kuwa upungufu.

Tanzania ina sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya 2003, Kenya ina ya 2007, na zote humbebesha mwajiri jukumu. Lakini kibarua aliyeitwa uani kwa mtu atakaguliwa na nani? Heri kuita gari la kunyonya maji taka. Ikibidi mtu ashuke, afungwe kamba tangu mwanzo. Akizimia avutwe, asifuatwe.